Shemeji Mwonjaji

Pombe iliyokuwa bado inachacha kwenye ndoo, kifuniko kimebanwa, ilikuwa tayari imeonjwa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kompyuta mpya, na wa kwanza kuliona hilo alikuwa Mama Pacha, ambaye hata pombe hanywi.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, jua limeingia sebuleni mpaka chini ya cherehani yake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa ameweka kompyuta mbili mezani, ya zamani kushoto, mpya kulia. Ile ya zamani ilikuwa mahututi. Ilizimika ikitaka, ikiwaka inaguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, na ndani yake mlikuwa na mapishi arobaini na matatu ya bia ya nyumbani, kazi ya miaka saba. Kila pishi lilikuwa na uzito wa kimea, dakika za kuchemsha, aina ya hamira, siku za kukaa ndooni, na mwisho kabisa kisanduku cha jina la mwonjaji na maoni yake. Yote yalitunzwa na programu maalumu ya wapika bia, na Baridi aliipenda programu ile jinsi wanaume wengine wanavyopenda gari.

Katika kuhamisha alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alifunga programu, kwa sababu ukinakili faili zikiwa wazi unaondoka na nusu. Akanakili folda nzima kwenye flashi nyekundu. Akaichomeka flashi kwenye kompyuta mpya na kuiagiza programu iyapokee mapishi. Hapo ukatokea ujumbe mrefu. Ulisema kwamba ndani ya mapishi hayo ametajwa mtu mmoja ambaye hajasajiliwa kwenye kompyuta hii, ukauliza kama asajiliwe na apewe ruhusa ya kuingia na kuandika. Baridi alibofya "Ndiyo kwa yote" kabla mkewe hajausoma hata nusu.

"Ilikuwa inauliza nini?" akasema Mama Pacha.

"Taratibu tu za kompyuta. Ukisoma kila inachouliza utazeekea hapo mezani."

Baada ya hapo wakakagua, maana Baridi hakuamini nakala yoyote mpaka ihakikiwe. Yeye alisoma kutoka kompyuta ya zamani, mkewe akafuatisha kwenye mpya kwa kidole kama mtoto anayejifunza herufi. Walikwenda vizuri mpaka pishi la mwisho, la arobaini na tatu, ambalo ndilo lililokuwa stoo likichacha.

"Mwonjaji, hakuna," alisoma Baridi.

"Huku yupo," alisema mkewe. "Ameandikwa Shemeji."

Kwenye kisanduku cha maoni palikuwa na maneno machache: Bado siku nne. Utamu umezidi kidogo. Nitasubiri.

Sasa, Mama Pacha alizaliwa peke yake. Hana kaka, hana mdogo wa kiume, hata binamu wa kumwita kaka kwa heshima hana. Akamgeukia mumewe na kumuuliza shemeji huyo ametoka wapi, na Baridi akacheka, akaeleza kwa aibu kidogo. Programu ile ilikuwa haikubali kufunga pishi kama kisanduku cha mwonjaji ni kitupu. Zamani alikuwa anajiandika mwenyewe. Tangu aache kunywa hakuwa na wa kumwandika, kwa kuwa wenzake wa ghala la baridi, ambao ndio waliomaliza pombe zake, ukiwauliza ikoje wanasema tamu, basi. Akaona kazini kila mtu ana shemeji mmoja msumbufu, wa kuja bila kualikwa na kunywa bila kuambiwa karibu, na yeye akajitengenezea wake. Tena ili isiwe uongo mtupu, kila alipofungua ndoo alimwaga kikombe cha kwanza, akakiweka kwenye rafu ya stoo, akaandika yale ambayo pua ilimwambia. Asubuhi alikwenda kukimwaga. Mara nyingine alikikuta kimepungua, akasema ni joto.

"Mapishi mangapi?" aliuliza mkewe.

Baridi alihesabu kwa vidole. Tangu aache pombe yalikuwa ishirini na sita. Hili la mwisho alikuwa hajaliandikia kitu, labda aliandika akasahau.

Mama Pacha hakucheka. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hospitali, daktari akimweleza kwamba ini la mumewe limebaki kipande, kwamba akirudia kunywa hatavuka mwaka. Alimpenda mume yule mpaka akaona aibu kuwaambia wenzake. Alimwambia Baridi siku ileile, pale kitandani kwake hospitalini, kwamba siku atakayonusa pombe mdomoni mwake atakwenda kuwachukua pacha wao wa kike kwenye shule ya bweni na hatarudi, kwa sababu hawezi kukaa kumtazama akijiua. Baridi aliapa, na tangu hapo alipika tu. Mkewe alimwachia, ila jicho halikulala. Sasa alitazama lile neno Shemeji kwenye skrini, akaona jambo moja tu, kwamba mtu akitaka kunywa kwa siri, mnywaji wa kubuni ni pazia zuri sana.

Alimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Baridi alizima kompyuta ya zamani, akaichomoa flashi, akatoka kwenda kurekebisha jokofu la jirani ambalo lilikuwa halina ubovu wowote.

Jumapili, mumewe alipotoka, Mama Pacha alichukua chaki yake ya kukatia nguo akaingia stoo. Ndoo zilikuwa nne, tatu tupu zimeoshwa na kufunikwa, moja imejaa. Kila moja ilikuwa na kibomba cha kutolea hewa juu ya kifuniko, chenye maji kidogo, ili pombe ipumue bila kuingiwa na uchafu. Ukikaa karibu unasikia blup, unahesabu, unasikia blup nyingine. Alimulika kwa simu, pombe ikaonekana kivuli ndani ya ndoo, akapiga mstari wa chaki mahali ilipofika. Jumatatu jioni ilikuwa imeshuka kwa kidole kimoja.

Fundi wa nguo akitaka kumjua mwizi wa kitambaa hapigi kelele, anapima tena. Jumanne alifunga stoo, akavaa ufunguo shingoni ndani ya blauzi, kisha akapitisha uzi mweusi kwenye kitasa na kwenye msumari wa fremu, akaufunga kwa fundo dogo la kuzungusha mara tatu na kurudisha nyuma, ambalo marehemu mama yake alimfundisha na ambalo hajawahi kumwonyesha mtu. Baridi alikuwa kazini tangu alfajiri. Mama Pacha alikaa mlango wa sebule akishona, mlango wa stoo mbele ya macho yake, na hata chooni hakwenda. Saa saba na nusu mchana alisimama, akaukagua uzi, uzi mzima, fundo lake lilelile, akalifungua kwa sindano na kuingia ndani.

Pombe ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya chaki. Na kulikuwa na harufu. Harufu ya hamira ilikuwa ya kawaida katika nyumba ile, hata mashuka yalikuwa nayo, lakini hii ilikuwa ya jivu lililomwagiwa maji, na ilitoka pale kwenye rafu ya kikombe. Alitoka haraka na kuiwasha kompyuta mpya. Chini ya pishi la arobaini na tatu palikuwa pameongezwa mstari.

Dada amefunga uzi. Fundo la mama hilo. Mkono wake mwepesi.

Kwa muda aliendelea kumshuku mumewe, kwa sababu mume unaweza kumkasirikia, na hasira ilikuwa nafuu kuliko kile kilichokuwa kinamjia. Alijiambia labda Baridi anaweza kuandika akiwa kazini, siku hizi simu zinafanya kila kitu. Lakini fundo lile Baridi hakulijua. Alifunga tena stoo na uzi wake, akaifunga kompyuta, akaweka juu yake pasi, kana kwamba uzito wa pasi ungesaidia. Baridi aliporudi saa nane alikula, akaingia kujilaza kama kawaida ya watu wanaoamka alfajiri. Jioni mkewe alitaka kumwambia, akamwona anapiga mluzi huku akichambua kimea, akameza maneno.

Jumatano ilikuwa siku ya nne. Mama Pacha alikumbuka zile siku nne akiwa kwa mteja, amepiga magoti anapinda upindo wa gauni, pini mdomoni, akaacha gauni nusu na kurudi nyumbani karibu mbio. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, jirani anatwanga, redio ya mtu inatangaza matokeo ya mpira. Stoo ilikuwa imefungwa, uzi mzima, ufunguo shingoni mwake. Aliposogea mlangoni alisikia kibomba, blup, na kingine, blup, na kingine, na akatambua kwamba vinavyopumua ni vinne, hata vya zile ndoo tatu tupu alizozisugua kwa mkono wake, na kwamba vinapumua pamoja, kwa mwendo mmoja, kama kitu kimoja chenye koo nne. Akaiacha stoo, akaenda chumbani kwa mumewe kwa kunyata, bila kujua kwa nini ananyata katika nyumba yake mwenyewe, na akamkuta Baridi amelala chali, mikono kifuani, amefumba macho, midomo imefunguka kidogo kama ya mtu aliyeegemezewa kikombe, na koromeo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, anameza, chumbani hamna kikombe wala chupa wala mtu mwingine, na kila alipomeza, kule stoo, ng'ambo ya ukuta, kibomba kililia mara moja, na harufu ya jivu bichi ilikuwa imejaa chumba kizima mpaka kwenye pazia.

Alimvuta mkono mpaka akakaa. Baridi alifumbua macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, akauliza kuna nini, na pumzi yake ikampiga mkewe usoni. Ilikuwa pombe.

"Umekunywa," alinong'ona Mama Pacha.

"Nimelala, mke wangu. Nilikuwa nimelala."

Aliapa kwa pacha wao. Aliapa huku machozi yanamtoka, si kwa woga, kwa uchungu wa kutoaminiwa, na mkewe naye akalia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimwamini, na kumwamini kulikuwa kubaya zaidi. Akamshika mkono akampeleka sebuleni. Waliitoa pasi, wakafungua kompyuta, na Baridi akasoma mwenyewe.

Nimeonja. Asante, dada. Mimi sina mdomo, lakini huu wa kwake unatosha. Pikeni tena.

Kesho yake walimwita Bibi Miwani. Alikuwa mganga, lakini kabla ya uganga alifanya kazi masjala kwa miaka thelathini, akitunza mafaili ya watu, na hata sasa alikuja na kalamu sikioni na daftari lenye mistari. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Walipofika kwenye habari ya kikombe cha rafuni alimtazama Baridi juu ya miwani yake muda mrefu.

Akasema kwamba jini wa kupita angemtoa kwa nusu saa. Huyu hakupita. Ameandaliwa kikombe mara ishirini na sita, kila mara ameitwa kwa jina la ujamaa, na mwishowe ameulizwa mwenye nyumba kama aandikishwe, mwenye nyumba akakubali. Ana haki zote za shemeji. Kwa hiyo yatafanywa mawili. Mwanamke amkane undugu mbele yake, na yule aliyempa jina alifute kwa mkono wake, popote lilipoandikwa.

"Popote," alirudia. "Mimi kompyuta sizijui, ila nakala nazijua. Nakala ikibaki kabatini, faili halijafa. Lipo kwenye nakala ngapi?"

"Mbili," alijibu Baridi. "Ya zamani na hii."

Akauliza kama anaweza kufuta neno Shemeji tu na kuyaacha mapishi. Bibi Miwani alikataa. Kila pishi limeonjwa na yule, akasema, yote yanakwenda. Baridi aliinamisha kichwa. Lilikuwemo pishi alilolipika siku pacha walipozaliwa, na jingine ambalo lilimchukua majaribio kumi na moja, na kila mmoja pale chumbani alimwonea huruma, hata mganga.

"Na ile flashi nyekundu?" aliuliza Mama Pacha.

"Ile ilikuwa ya kubebea tu. Nilishaifuta."

Alisema bila kusita. Ila mkono wake ulipanda kifuani, ukagusa mfuko wa shati na kushuka. Mkewe aliuona mkono ule. Lakini wakati huo kibomba kimoja kilikuwa kimeanza kulia stoo, akageuka kusikiliza, na lile la mkono likampita.

Walifanya Ijumaa saa nne asubuhi, madirisha yote wazi. Ndoo zilitolewa nje zikamwagwa. Kompyuta zote mbili zikawekwa mezani, pishi la arobaini na tatu likiwa wazi kwenye zote. Bibi Miwani alifukiza ubani kidogo, akasoma kwa sauti ya chini mambo aliyoyajua yeye, mpaka ile harufu ya jivu ikaja na kusimama katikati yao. Kwenye skrini herufi zikaanza kujiandika, polepole, kama mtu anayetafuta kila moja. Dada.

"Mkane," alisema Bibi Miwani.

Mama Pacha alikuwa ameishika blauzi yake kifuani. "Sina kaka," alisema. "Mama yangu alizaa mmoja, naye ni mimi."

Herufi zikaja haraka zaidi. Dada. Dada mimi nimekaa hapa miaka miwili. Akamkana mara ya pili. Stoo, ambamo hamkuwa na kitu, kibomba kikalia, kikalia tena, vikalia vingi kuliko ndoo walizowahi kuwa nazo, na kompyuta ya zamani ikaanza kuguna, na meza ikatetemeka mpaka bobini za uzi zikabiringika na kudondoka, na neno lile moja likawa linajiandika bila nafasi, likishuka skrini nzima, na Mama Pacha akafumba macho akamkana mara ya tatu kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo. Baridi akafuta. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Safari hii alisoma swali lote, kisha akabofya ndiyo, akahamia ile ya zamani na kufanya vilevile.

Kimya. Ubani ukawa ubani tu. Bibi Miwani alifunga daftari, akasema yule sasa hana pa kukaa ila mahali penye jina lake, na kama jina halipo popote, basi.

Wiki tatu zilipita vizuri kuliko mwaka mzima uliotangulia. Baridi aliacha kupika, akawagawia majirani ndoo za kutunzia maji. Alikunywa chai, alipiga mluzi. Mchana alilala kama kawaida yake, na mkewe alimwachia mlango wazi. Mama Pacha aliona haya kwa jinsi alivyomshuku mtu ambaye hakuwa na kosa, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi kwa maneno, aliamua kumrekebishia mashati yote ya kazini, kola na vifungo, moja baada ya jingine.

Jumapili mchana alifika kwenye shati la kijivu. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa mdomo, mishono mikubwa ya mwanaume, ya kuchomachoma. Aliifumua kwa ncha ya mkasi. Ndani, imezungushiwa karatasi ya gundi, mlikuwa na flashi nyekundu, na juu ya karatasi mwandiko wa Baridi: 43, yote.

Hakukasirika. Alimwona mumewe pale mezani, ameinamisha kichwa, miaka saba ya kazi mbele yake, akaelewa kabisa kwa nini alidanganya. Kilichomtisha ni kukumbuka kwamba siku ile ya Ijumaa shati lilikuwa hili, na mfuko ulikuwa juu ya moyo wake.

Aliondoka na flashi mkononi mpaka chumbani. Baridi alikuwa amelala chali, mikono kifuani, midomo imefunguka kidogo. Koromeo lilikuwa linapanda na kushuka. Nyumba nzima haikuwa na ndoo hata moja, wala tone la pombe.

"Baba Pacha," aliita.

Macho yalifumbuka, ila hayakushtuka kama ya mtu aliyeamshwa. Yalimtazama kwa mapenzi. Mkono wa mumewe ukainuka, ukafuta midomo, kisha ukaweka kidole juu yake kumwashiria anyamaze.

"Usimwamshe, dada," alisema kwa upole. "Wewe bandika tu sufuria."